Ndimu Kabla ya Chumvi: Supu ya Haraka ya Tambi, Manjano na Mboga

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili jijini London. Unaeleza namna ya kupika supu ya moto kwa muda usiozidi nusu saa, na namna ya kuilinda familia dhidi ya chumvi iliyozidi bila kuipokonya ladha yake.

Jioni ya baridi

Mwezi wa Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mzazi anayetoka kazini hufika nyumbani gizani, watoto wana njaa na mita ya umeme inahesabu kila dakika. Katika saa hiyo pakiti ya tambi za papo kwa papo huonekana mkombozi: ni nyepesi kupika, ni ya moto, na watoto huipenda. Hakuna sababu ya kumlaumu anayeifungua. Lakini ndani ya pakiti hiyo mna kipakiti kidogo cha unga wa viungo, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya chumvi.

Chumvi ikizidi siku baada ya siku hupandisha shinikizo la damu, ambalo wengi hulijua kwa jina la presha. Presha haina kelele. Mtu aweza kuishi nayo miaka mingi bila maumivu wala kizunguzungu, na dalili ya kwanza ikawa kiharusi, mshtuko wa moyo au figo kushindwa kufanya kazi. Nchini Uingereza watu wenye asili ya Kiafrika hupata presha zaidi kuliko wengine wengi, na hupatwa na kiharusi wakiwa na umri mdogo zaidi. Kwa hiyo suala la chumvi ni suala la kila nyumba.

Kiasi cha chumvi kwa siku

Kiwango cha juu kinachoshauriwa nchini Uingereza ni hiki, kikijumlisha chumvi iliyomo ndani ya mkate, jibini, vitafunio na kila chakula kingine:

- Mtu mzima, na mtoto wa miaka 11 na zaidi: gramu 6, sawa na kijiko kimoja cha chai
- Mtoto wa miaka 7 hadi 10: gramu 5
- Mtoto wa miaka 4 hadi 6: gramu 3
- Mtoto wa miaka 1 hadi 3: gramu 2
- Mtoto aliye chini ya mwaka 1: chini ya gramu 1

Chumvi ya mawe, chumvi ya bahari na chumvi ya rangi ya waridi zote ni chumvi, na hesabu yake ni moja.

Kuisoma lebo

Kwenye lebo za Uingereza chumvi huandikwa Salt, na kiasi chake hutajwa kwa kila gramu 100. Kikizidi gramu 1.5 chakula hicho kina chumvi nyingi. Kikiwa gramu 0.3 au pungufu kina chumvi kidogo. Baadhi ya pakiti huonyesha jambo hilo kwa rangi: nyekundu ni nyingi, kijani ni kidogo.

Chukulia mfano wa pakiti ya tambi yenye uzito wa gramu 80, iliyoandikwa kwamba ina gramu 4 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi kavu pamoja na viungo vyake. Anayeila yote hupata gramu 3.2 za chumvi. Kwa mtoto wa miaka mitano, bakuli hilo moja limepita kiwango cha siku nzima.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, lebo nyingine hutoa hesabu ya tambi zilizokwisha kutiwa maji, hivyo namba huonekana ndogo kuliko ilivyo kwa pakiti kavu. Pili, baadhi ya bidhaa kutoka nje hutaja Sodium badala ya Salt. Kiasi hicho kizidishwe mara 2.5 ili kupata chumvi yenyewe: gramu 1.2 za sodiamu ni gramu 3 za chumvi.

Ladha ya nyumbani haikutoka kwenye chumvi

Aliyekulia Unguja anaujua urojo unaouzwa Forodhani jioni: mchuzi wa manjano, mzito kiasi, wenye ukali wa embe bichi, ukwaju au ndimu. Kinachomfanya mtu aukumbuke akiwa mbali ni ule uchachu, harufu ya viungo na pilipili. Chumvi imo, lakini si yenyewe inayobeba ladha.

Hilo ndilo fundisho la mwongozo huu. Uchachu huufanya ulimi uisikie chumvi kidogo kana kwamba ni nyingi. Kwa sababu hiyo ndimu hutangulia na chumvi hufuata, tena baada ya kuonja. Mpishi anayetia chumvi mwanzoni hajui atahitaji kiasi gani. Anayeitia mwishoni hugundua mara nyingi kwamba nusu ya alichozoea yatosha. Ulimi nao huzoea: baada ya majuma machache chakula chenye chumvi kidogo huacha kuonekana chapwa.

Mahitaji kwa watu wanne

- Tambi nyembamba kavu zisizo na viungo, gramu 200. Zile zipikwazo kwa sukari siku ya Idi zafaa sana
- Mafuta ya kupikia, kijiko 1 kikubwa
- Kitunguu maji 1, vitunguu saumu punje 3, na tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba
- Manjano ya unga, kijiko 1 cha chai
- Bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga, robo kijiko cha chai
- Nyanya 2, karoti 2, kabichi gramu 160, na mchicha au spinachi gramu 160
- Mayai 4, au kopo 1 la dengu lililochujwa na kusuuzwa
- Maji, lita 1.5
- Ndimu 1 kubwa, au nusu limau
- Majani ya kotimiri, na pilipili mbichi kwa anayependa
- Chumvi, isizidi nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima

Mboga hizi pamoja na nyanya zina uzito wa takriban gramu 640. Fungu moja la mboga ni gramu 80, na kila mtu anashauriwa kula angalau mafungu matano ya mboga na matunda kwa siku. Bakuli moja la supu hii hutoa mawili. Mboga zilizogandishwa huhesabiwa sawa na mbichi, mara nyingi huwa rahisi kwa bei, na hazioozi kabla ya kupikwa. Mihogo, viazi, magimbi na ndizi za kupika ni chakula kizuri, lakini havihesabiwi katika mafungu hayo matano.

Ndimu, tangawizi na kotimiri hupatikana katika masoko kama Ridley Road huko Dalston, Queen's Market huko Upton Park na soko la Shepherd's Bush.

Namna ya kupika

1. Maji yachemshwe katika birika la umeme wakati mboga zinakatwa. Karoti zikatwe nyembamba ili ziive upesi.

2. Mafuta yapashwe moto katika sufuria kubwa. Kitunguu maji kikaangwe kwa moto wa wastani dakika tano hadi kilainike, kisha kitunguu saumu na tangawizi vifuate kwa dakika moja.

3. Moto upunguzwe. Manjano, bizari na pilipili manga vitiwe na kukorogwa kwa nusu dakika tu. Rangi na harufu ya manjano hutoka vizuri ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji matupu, lakini yakiungua huwa machungu. Nyanya zitiwe mara moja ili maji yake yavizuie viungo kuungua.

4. Maji ya moto na karoti vitiwe, pamoja na dengu kama ndizo zilizochaguliwa. Sufuria ifunikwe, ichemke dakika tano. Kifuniko huokoa muda na gharama ya gesi au umeme.

5. Kabichi na tambi zitiwe. Tambi nyembamba huiva kwa dakika tatu hadi tano. Mchicha uingie dakika mbili za mwisho.

6. Mayai yapigwe, yamiminwe polepole huku supu ikikorogwa, na yaachwe mpaka yashikane kabisa.

7. Moto uzimwe. Ndimu ikamuliwe, supu ionjwe, na ndipo chumvi itiwe kidogo kidogo. Kotimiri ije mwisho.

Vidonge vya kukolezea mchuzi havihitajiki. Vingi vina chumvi nyingi, na vikitumika basi chumvi nyingine isitiwe. Mwenye mzio asome orodha ya viambato, ambamo vitu kama ngano, yai na figili huonyeshwa kwa herufi zilizokolezwa. Kaya zinazokula halali nazo ziangalie kama mna mafuta au dondoo za nyama.

Ikiwa hapana budi kutumia tambi za pakiti, kipakiti cha viungo kiwekwe kando, au kitumike robo yake tu, na viungo vya hapo juu vishike nafasi yake.

Mtoto mchanga na mgonjwa

Chakula cha mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja kitolewe sufuriani kabla ya chumvi na pilipili kutiwa, kisha tambi zikatwekatwe na chakula kipoe. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha, asitumie chumvi mbadala yenye potasiamu kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia.

Manjano ni kiungo, si tiba ya presha

Nyumba nyingi za pwani huyaheshimu manjano kama dawa ya nyumbani. Katika kipimo cha mapishi hayana madhara kwa watu walio wengi, lakini hayatibu presha wala kisukari, na hayachukui nafasi ya vidonge vilivyoandikwa na daktari. Vidonge vya manjano vinavyouzwa madukani ni jambo jingine: vina kiasi kikubwa mno kuliko chakula, na vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, azungumze na mfamasia kabla ya kuvitumia.

Manjano yanunuliwe yakiwa yamefungwa na yana lebo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha ushahidi kwamba baadhi ya manjano nchini Bangladesh yalitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Kiporo

Desturi ya kuiacha sufuria jikoni usiku kucha na kuipasha asubuhi si salama, hata nyumba ikiwa ya baridi. Supu iliyobaki ipozwe na iwekwe ndani ya jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu ilipopikwa. Jokofu liwe na nyuzi 5 za selsiasi au pungufu. Kiporo kiliwe ndani ya siku mbili, kipashwe moto mara moja tu, mpaka kitoe mvuke kote.

Supu ya moto ikimwagika

Bakuli la tambi za moto laweza kumuunguza mtoto vibaya, kwa kuwa tambi hunata kwenye ngozi. Bakuli liwekwe mbali na ukingo wa meza, na mtoto asipakatwe na mtu anayekunywa supu ya moto.

Ajali ikitokea, nguo na vito vilivyo karibu na jeraha vivuliwe, isipokuwa vilivyogandamana na ngozi. Sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa usipoe mno. Barafu, siagi, asali, yai na dawa ya meno visitumike kamwe. Kisha jeraha lifunikwe kwa karatasi safi ya plastiki ya kufungia chakula. Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, au lililoko usoni, shingoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo vya mwili au sehemu za siri, lipelekwe hospitali katika idara ya dharura.

Kupima presha

Njia pekee ya kuijua presha ni kuipima. Maduka mengi ya dawa nchini Uingereza humpima bila malipo mtu wa miaka 40 na zaidi. Kipimo cha 140/90 au zaidi kwenye duka la dawa au kliniki kinahitaji kufuatiliwa. Kujiandikisha kwenye kliniki ya GP ni bure, na hakuhitaji kitambulisho, uthibitisho wa anwani wala karatasi za uhamiaji. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na si lazima mtoto afanye kazi hiyo.

Mambo ya kukumbuka

- Ndimu kwanza, kisha kuonja, kisha chumvi.
- Kipakiti cha viungo kiwekwe kando.
- Chakula cha mtoto mchanga kitolewe kabla ya chumvi.
- Dawa za presha zisiachwe kwa ajili ya manjano.
- Kiporo kiende jokofuni kabla ya saa mbili kupita.
- Aliyeungua awekwe chini ya maji yanayotiririka dakika 20.

Kwa ushauri wa afya usio wa dharura, simu ipigwe 111. Mpigaji aseme "Swahili" ili apatiwe mkalimani. Kwa hatari ya maisha, ikiwamo dalili za kiharusi kama uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu au maneno kutotoka sawasawa, simu ipigwe 999 papo hapo.