SOMO: Wajue sisimizi, siafu na mchwa wa uani kwako



Wengi wetu tukiona wadudu wanatambaa uani tunasema, "Ni wadudu tu," kisha tunatafuta mafuta ya taa. Lakini wadudu hawa si wamoja. Mmoja anakula sukari yako, wa pili anaweza kumdhuru mtoto wako, wa tatu anakula nyumba yako. Mjue kwanza, ndipo upambane naye.

1. SISIMIZI
Ni wadogo, wanafuata makombo na sukari. Madhara yao ni machache. Funika unga wa mgao, fagia jikoni, na osha njia yao kwa maji ya sabuni. Wanafuatana kwa harufu, ukiifuta, wanapotea.

2. SIAFU
Wanakwenda kwa msafara mrefu, na kando husimama askari wenye vichwa vikubwa. Hawana macho. Hupita wakiwinda mende na wadudu wengine, kisha huondoka. Hatari ni kwa asiyeweza kukimbia: mtoto mchanga, mgonjwa, kuku aliyefungiwa, mbuzi aliyefungwa kamba.

Mvua zilizopita waliingia kwetu usiku. Mimi nilishughulika kumwaga majivu mlangoni. Mama alipokumbuka banda, kuku wanne walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo shika utaratibu huu:
a) Toa watoto, wazee na wagonjwa nje, mbali na msafara.
b) Fungua banda la kuku na kamba za mbuzi.
c) Amsha majirani.
d) Subiri wapite. Kabla ya kurudi, kung'uta mablanketi na mikeka.
Usiwachome moto wala kumwaga mafuta ya taa. Nyumba zetu za nyasi na turubai zimekaribiana. Moto wa mmoja ni moto wa kijiji kizima.

3. MCHWA
Huyu si ndugu wa siafu, ni ndugu wa mende. Mtazame: sisimizi na siafu wana kiuno chembamba, mchwa hana. Ni mweupe, anakimbia mwanga, na anapanda nguzo ndani ya vijia vya udongo. Kumbikumbi tunaowala mvua zikianza ni mchwa wenye mabawa.

Siafu anapita, mchwa anakaa. Usipomwona mapema, nguzo inaliwa ndani huku nje ni nzima, na siku ya upepo paa linaanguka juu ya waliolala. Kila wiki:
- Kagua nguzo na kuta, kwangua vijia vyote.
- Gonga nguzo. Ikilia kama debe tupu, ibadilishe.
- Weka kuni juu ya mawe, mbali na ukuta.
- Ondoa nyasi na mabua yaliyoegemea nyumba.
Ukichimba kichuguu, tumia jembe, usiingize mkono: nyoka hupenda kukaa humo.

ONYO
Usinunue sokoni dawa ya shambani iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto ataidhania kinywaji. Hakuna sisimizi anayestahili gharama hiyo.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Siafu wakija usiku huu, nani atambeba mtoto, na nani atafungua banda?
2. Ni lini mara ya mwisho uligonga nguzo za nyumba yako?
3. Katika mtaa wenu, ni mzee gani anayeishi peke yake? Nani atamwamsha?

Asiyejua kusoma, msomee.