Ishara na Huduma: Kipi Kilicho Kipimo?

Ndugu msomaji, wewe utafutaye haki, bila shaka umekwisha kualikwa, au utaalikwa, kwenye mkutano wa uponyaji. Tangazo hubandikwa ukutani, vipaza sauti husikika mtaa mzima, na ahadi ni ile ile: vipofu wataona, viwete watatembea, mapepo yatatoka. Naye akualikaye hukuambia uje uone kwa macho yako mwenyewe, kisha uamue. Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki. Lakini ndani yake mna dai kubwa lisilotamkwa, yaani kwamba ishara ndiyo kipimo cha kujua Mungu yuko na nani. Katika somo hili twataka kulipima dai hilo kwa vitabu vya Wakristo wenyewe na kwa historia ya makanisa yao, asije mtu akasema kwamba tumewahukumu kwa sheria ya wageni.

Yatupasa kwanza kuondoa dhana mbaya. Hatusemi kwamba Mwenyezi Mungu hajibu dua ya mgonjwa, wala kwamba kila ashuhudiaye kupona ni mwongo. Mungu yu Hai na Asikia. Swali letu ni jingine: ni kitu gani kilichowekwa mbele, na ni kitu gani kilichosukumwa nyuma?

Watu wengi huhesabu kwamba uamsho wa Kipentekoste ulienea ulimwenguni kutoka mji wa Los Angeles, Marekani, mwaka 1906, katika jengo duni la Mtaa wa Azusa. Kiongozi wake alikuwa William J. Seymour, mtu mweusi, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa. Magazeti yaliandika habari za kunena kwa lugha na kelele za usiku. Lakini kwa nchi ile na kwa wakati ule, ajabu iliyo kubwa zaidi ilikuwa nyingine: weusi na weupe walipiga magoti pamoja mahali pamoja. Charles Parham, aliyekuwa mwalimu wa Seymour, alipofika na kuuona mchanganyiko huo alichukizwa nao. Haikupita miaka mingi. Mwaka 1914 wahubiri, karibu wote weupe, walikutana katika mji wa Hot Springs, Arkansas, wakaunda jumuiya ya Assemblies of God, na uamsho ule ukaendelea kugawanyika kwa rangi ya ngozi. Kunena kwa lugha kulibaki pande zote mbili, udugu haukubaki. Seymour mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 1922, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kunena kwa lugha pasipo upendo hakuthibitishi kuwapo kwa Roho. Waliomsikiliza walikuwa wachache.

Hebu tazama pia mfano wa siku za karibu zaidi. Mwaka 1982, katika chuo cha theolojia cha Fuller, Pasadena, California, mhubiri John Wimber pamoja na C. Peter Wagner walianza kufundisha somo lililohusu ishara, maajabu na kukua kwa kanisa. Baada ya mafundisho, wagonjwa waliombewa papo hapo darasani. Wanafunzi walifurika, na mabishano kati ya walimu yakawa makubwa hata somo likasimamishwa mwaka 1985. Angalia jina la somo lenyewe: ishara, maajabu, kukua. Muujiza umewekwa hapo uwe njia ya kuongeza idadi ya watu. Huduma haikutajwa.

Haki yataka tuseme kwamba Wimber hakuwa mtu wa hila. Alifundisha pia kwamba kanisa limefaradhiwa kuwatunza maskini, na hakuficha kwamba wengi aliowaombea hawakupona. Rafiki yake David Watson, kasisi wa Kianglikana aliyejulikana kwa kazi yake katika mji wa York, Uingereza, alikufa kwa saratani mwaka 1984 ijapokuwa aliombewa kwa bidii na Wimber na wenzake. Wimber naye alifariki mwaka 1997 baada ya miaka ya maradhi ya moyo na saratani. Hatuyataji haya kwa kuwacheka, la hasha! Kifo ni cha kila nafsi. Twayataja kwa sababu kanisa lililofundishwa kuitazamia ishara halina la kumwambia mgonjwa ambaye ishara haikumfikia. Mara nyingi huambiwa kwamba imani yake ni haba. Basi mtu aliyekuja na ugonjwa mmoja hurudi nyumbani na magonjwa mawili, na la pili ni hatia.

Tena hamu ya maajabu haishibi. Mwaka 1994, katika kanisa la Toronto, Kanada, lililokuwa chini ya umoja wa Vineyard aliouongoza Wimber, watu walianza kuanguka, kucheka bila kujizuia, na wengine kutoa sauti kama za wanyama. Maelfu walisafiri kutoka nchi za mbali kwenda kutazama. Mwishoni mwa mwaka 1995 Wimber mwenyewe na wenziwe wakalitoa kanisa hilo katika umoja wao.

Sasa tuingie katika maandiko. Aya inayotegemewa sana na wahubiri wa ishara ni ile ya Marko 16:17-18, isemayo kwamba ishara zitafuatana na waaminio, hata kushika nyoka na kunywa sumu. Yafaa ujue, ndugu msomaji, kwamba aya za 9 hadi 20 za mlango huo hazimo katika nakala mbili za kale zinazoheshimiwa mno, yaani Sinaiticus na Vaticanus. Wanazuoni wa Kikristo wenyewe wamelikiri jambo hili, na tafsiri nyingi za leo huweka alama au maelezo mahali hapo. Si msingi wa kujengea nyumba.

Lakini tuseme aya hizo ni sahihi. Je, Injili yafundisha nini juu ya Siku ya Hukumu? Katika Mathayo 7 wanatajwa watu watakaojitetea kwa unabii, kwa kutoa pepo na kwa miujiza mingi waliyoitenda kwa jina la Yesu. Hawaambiwi kwamba miujiza yao ilikuwa ya uongo. Wanaambiwa kwamba hawakujulikana kamwe, nao wanafukuzwa. Kisha katika Mathayo 25 wanatajwa wale wanaopokewa: waliwalisha wenye njaa, waliwapa maji wenye kiu, walimkaribisha mgeni, walimvika aliye uchi, walimwendea mfungwa. Na kuhusu mgonjwa wanasifiwa kwa nini? Kwa kwenda kumtazama. Haisemwi kwamba walimponya! Kumponya mgonjwa si katika uwezo wa kila mtu, bali kumtembelea na kumtunza kila mtu aweza.

Zaidi ya hayo, soma Matendo ya Mitume, mlango wa 6. Wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Wakachaguliwa watu saba wa kuhudumu mezani, na wa kwanza kutajwa ni Stefano. Ni baada ya kuwekwa katika kazi ya sahani na mikate ndipo aya ya 8 inasimulia kwamba Stefano alifanya maajabu na ishara kubwa. Huyu hakuitiwa ishara. Aliitiwa chakula cha wajane. Sijui ni mahubiri mangapi ya uponyaji yaliyowahi kuanzia hapo.

Madhara ya kugeuza mpango huu tumeyaona hapa kwetu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wenye shida, na shida ndiyo iliyowaleta. Lakini walikuwa wamefundishwa kwamba baraka ipo mahali fulani sakafuni, na anayechelewa ataikosa.

Wala Mwislamu asijipigie kifua. Wako miongoni mwetu wanaonunua hirizi na kutembeza makombe huku jirani yao akilala na njaa. Katika Sura Bani Israili makafiri walimtaka Mtume s.a.w. atoe chemchemi ardhini, awe na nyumba ya dhahabu, apande mbinguni; akaamriwa kujibu kwamba yeye ni mtu tu na Mtume. Na siku alipokufa mwanawe Ibrahimu jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Ishara ya bure ilikuwa mikononi mwake! Naye akawakataza, akawaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Mtu mwenye njaa ya sifa asingaliiachia nafasi hiyo.

Je, basi, makanisa haya yote yamesahau huduma? Hapana, na ni wajibu wetu kulisema hili wazi. Wapentekoste wa Uswidi walijenga hospitali ya Nkinga, mkoani Tabora, na maelfu wametibiwa humo bila kuulizwa dini yao. Na katika mji wa Bukavu, Kongo, yupo shahidi mkubwa kuliko huyo. Denis Mukwege alizaliwa mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kwenda kuwaombea wagonjwa. Siku moja alimwuliza kwa nini anaomba tu wala hatoi dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaazimia kuwa daktari. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera, aliyokuwa akiiongoza, ilishambuliwa, na wagonjwa na watumishi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi chini ya jumuiya ya makanisa hayo hayo ya Kipentekoste, na huko yeye na wenzake wamewatibu makumi ya maelfu ya wanawake waliojeruhiwa kwa kunajisiwa vitani. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Baba aliomba na mwana akashona majeraha, wala hatusikii kwamba mmoja alimdharau mwenzake. Basi kasoro tunayoizungumza si ya asili ya imani yao. Ni ya kuchagua lipi litangazwe kwa vipaza sauti.

Huenda utasema: lakini Yesu mwenyewe alitenda ishara! Naam, Injili zasema hivyo. Lakini angalia namna yake. Katika Marko 5 aliitwa kwa binti Yairo, naye akasema kwamba mtoto amelala tu, hakufa. Akawatoa nje waliokuwa wakipiga kelele, akaingia pamoja na wazazi wake na wanafunzi watatu. Binti alipoinuka, yalitolewa maagizo mawili: mtu yeyote asiambiwe habari hiyo, na mtoto apewe chakula.