Suali la Fundi wa Voi Juu ya Nguo na Nchi

Baada ya darasa ya Alasiri huko Voi, fundi cherehani mmoja alinyosha mkono akauliza jambo ambalo sikulitazamia. Alisema: "Sheikh, twasikia kwamba hapo Rukinga, karibu nasi, pana watu waliopata sifa ulimwenguni kwa kushona nguo za fashini zisizoharibu nchi. Mimi nashona tangu ujana wangu, na wateja wazidi kunipungukia. Wao wana nini nisichokuwa nacho mimi?" Nilimwahidi jawabu la maandishi, nalo ni hili.

Kwanza yatupasa kujua nguo hutoka wapi na huishia wapi, kwani wengi wetu twadhani kuwa nguo huanza dukani na kwisha sandukuni. Pamba hutaka maji mengi: wataalamu hukisia kuwa fulana moja ya pamba hula kiasi cha lita 2,700 tangu shambani mpaka kuvaliwa. Amma poliesta, ambayo ndiyo kitambaa cha mabuibui mengi ya siku hizi, asili yake ni mafuta ya petroli. Haiozi kama pamba, na kila inapofuliwa hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zikenda na maji machafu mpaka baharini. Sisi watu wa pwani, ambao kitoweo chetu ni samaki, tusiseme kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na magazeti yao.

Sasa tuje Rukinga. Ni nyika ya ekari zipatazo 80,000 karibu na Maungu, katika njia wapitayo tembo baina ya Tsavo ya Mashariki na Tsavo ya Magharibi. Zamani palikuwa ni ranchi ya ng'ombe. Mvua ya huko ni haba, na kidogo kinachoota mara nyingi huliwa na tembo. Basi wanakijiji wengi wakawa hukata miti kuchoma makaa, na wengine hutega wanyama. (Wala makaa hayo hayakuliwa na tembo. Yalipandishwa malori yakaletwa mijini, tukapikia pilau.) Mwaka 1997 Mike Korchinsky, mfanyibiashara aliyetoka Marekani, alianzisha kampuni ya Wildlife Works kwa fikira moja nyepesi: kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa "usikate mti" kisha akaachwa hivyo hivyo, bali apewe kazi nyingine itakayomlisha. Kikajengwa kiwanda cha kushona, wakaandikwa watu wa vijiji vya karibu, wengi wao wanawake, wakashona fulana za pamba iliyolimwa bila ya madawa ya sumu. Nguo hizo ziliuzwa ng'ambo, na hata kampuni kubwa ya Puma ikaja kushonesha huko.

Mwaka 2009 Joanna Maiden naye alianzisha SOKO Kenya, ambayo baadaye ilihamia huko huko Rukinga. Tangu mwaka 2010 ilikuwa ikiishonea kampuni ya ASOS ya Uingereza nguo za rangi na michoro, nguo za vijana wapendao kupendeza, wala si magunia ya kuvaliwa kwa kuihurumia dunia. Jambo lililonipendeza mimi zaidi ni vipande. Vile vinavyobaki mezani baada ya kukata havikutupwa. Vilishonwa sodo za kufulika kwa ajili ya wasichana wa shule, ambao wengine wao walikuwa wakikosa masomo siku za hedhi kwa kukosa stara.

Upande wa msitu, mwaka 2011 mradi wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani wa namna yake kupata hati za kaboni kwa kanuni za VCS. Maana yake ni kuwa makampuni ya mbali hulipa fedha ili miti hii isimame, kwa kuwa mti ukikatwa na kuchomwa hutoa hewa inayozidisha joto la dunia.

Walakini sitakuwa mkweli nikisifu tu. Mwezi wa Novemba 2023 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la serikali, pamoja na shirika la SOMO la Uholanzi, walitoa ripoti iliyobeba malalamiko ya wanawake kwamba baadhi ya wakubwa katika mradi huo wa Kasigau waliwataka miili yao kwa kazi na vyeo. Kampuni iliagiza uchunguzi na kuwasimamisha baadhi ya watu. Nayataja haya kwa sababu twapenda kuuliza kama kitambaa ni safi, na ni mara chache kuuliza kama aliyekishona alirudi kwake na heshima yake. Kwangu mimi suali la pili ndilo zito. Mti ukilindwa na mwanamke akadhulumiwa chini ya kivuli chake, mradi umekosa nusu ya jina lake.

Basi, ewe fundi, wao wana nini? Wana soko la ng'ambo na watu wa kuwatangaza. Ujuzi unao wewe. Mama zetu walijua kazi hii kabla haijapewa jina: leso ikichakaa huwa mbeleko, ikizidi hukatwa winda, mwisho huwa tambara la jikoni, na pamba ile hurudi mchangani. Wanawake wa Kitaita nao husuka vikapu kwa mkonge, nao si wachache wanaovinunua kwa uzuri wake. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe inapochanika, wala hapana aliyesema kuwa jambo hilo lilimpunguzia haiba.

Wateja wako wamekukimbia kwa kuwa kanzu ya dukani ni rahisi kuliko ujira wako. Lakini kanzu ile huvaliwa Idi moja, ya pili imechanika kwapa, ya tatu hununuliwa nyingine. Mwenye watoto wanne na apige hesabu hiyo ya miaka mitatu, aiweke mbele ya bei ya pamba nzuri iliyoshonwa kwa upindo mpana wa kuteremshwa mtoto akikua. Huo upindo, fundi, mafundi wengi mmeuacha ili kubana kitambaa. Urudishe, na mwambie mteja kuwa upo.

Tena nimeliona gunia la vipande pale nyuma ya cherehani yako, lile ambalo kijana wako huenda kulichoma kila Ijumaa asubuhi. Wiki ijayo walimu wawili wa madrasa ya wasichana watapita kuliangalia. Usilichome kabla hawajafika.