Siri ya Ofisi na Dhamiri ya Mkristo

Masomo: Matendo ya Mitume 23:12-24, 1 Samweli 22:6-19, Mambo ya Walawi 5:1

Somo la Jumapili iliyopita niliahidi kuliandika, kwa sababu wengi mlibaki na maswali, na kwa sababu mimi mwenyewe nina deni.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya maombi ya Jumatano. Alikuwa mhasibu katika ofisi moja ya serikali. Amenipa ruhusa nieleze haya, ila jina lake na ofisi tuviache. Mezani kwake zilipita vocha za malipo ya kisima cha shule ya msingi. Kisima kililipwa chote, mpaka shilingi ya mwisho. Lakini shule hiyo anaijua, mtoto wa ndugu yake anasoma pale. Watoto bado wanabeba maji kwa mitungi kutoka nyumbani. Mahali pa kisima ni nyasi na mbuzi.

Akaniuliza, “Pasta, nikisema, nimevunja kiapo cha siri nilichotia sahihi. Nikinyamaza, nimeiba pamoja nao. Nifanye nini?”

Nilimfungulia Warumi 13. Nikamwambia tutii mamlaka, tuombe, na mambo ya ofisi tuiachie ofisi. Nikamwombea, nikaenda nyumbani kula.

Alinyamaza miezi miwili. Halafu akapeleka ripoti mwenyewe. Kwanza alihamishwa, kisha mkataba wake haukuongezwa. Humu kanisani wengine wakasema ati ana mdomo, hawezi kuaminiwa na siri. Akaanza kukaa kiti cha nyuma. Mimi niliyasikia hayo yote, na sikusema kitu.

Mwezi uliopita tulienda kwake, mimi na mama mchungaji, kuomba msamaha. Alitupikia chai. Akasema, “Pasta, sikutaka unisifu. Nilitaka tu uniambie kama ninatenda dhambi.” Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

1. Siri zote si sawa

Mithali 11:13 inamkemea mtu anayezunguka na siri za wengine, na inamsifu aliye mwaminifu. Tusiruke andiko hilo. Faili ya mgonjwa ni siri ya haki. Mpango wa polisi wa kukamata majambazi ni siri ya haki. Karatasi ya mtihani wa KCSE ni siri ya haki, na anayeivujisha anauza jasho la watoto waliokesha wakisoma. Siri za namna hiyo zinalinda watu, na Mkristo azitunze hata akitoka kwenye kazi hiyo.

Lakini kuna siri inayomlinda mwizi tu. Hiyo ni blanketi juu ya dhambi. Walawi 5:1 inasema kwamba shahidi aliyeona au kujua, akitakiwa kusema kisha anyamaze, atabeba uovu wake. Na Warumi 13 ile ile niliyomsomea dada yetu inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Sasa, bosi anayekula pesa za kisima anamtumikia nani? Anayemripoti hajaasi mamlaka. Ameisaidia mamlaka ifanye kazi ambayo Mungu aliiweka ifanye.

2. Ukweli pekee hautoshi: Doegi

Doegi Mwedomi alimwona kuhani Ahimeleki akimpa Daudi mikate na upanga. Alipomwambia Sauli, hakusema uongo. Lakini angalia wakati aliosema. Sauli alikuwa ametoka kuwakumbusha watu wake kuhusu mashamba na vyeo. Tena Doegi hakueleza kwamba Ahimeleki hakujua Daudi anatoroka. Siku hiyo makuhani 85 waliuawa, na Doegi mwenyewe ndiye aliyeshika upanga.

Kwa hiyo kabla ya kufichua, jiulize: Nani ataokolewa na neno hili? Nani ataumia bila hatia? Je, ninataka kiti cha huyu mtu? Je, nimeeleza yote ninayoyajua, au nimechagua yanayomchoma tu?

3. Kijana asiye na jina

Watu zaidi ya arobaini waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Mtoto wa dada yake Paulo akasikia. Angalia hatua zake. Hakutangaza sokoni. Alikwenda ngomeni kwa Paulo, Paulo akampeleka kwa akida, akida akampeleka kwa jemadari, mtu mwenye uwezo wa kuzuia jambo lenyewe. Alisema alichosikia, bila kuongeza chumvi. Na alisema mapema, mtu angali hai.

Jemadari naye alifanya vizuri. Alimshika mkono, akaenda naye kando, akamsikiliza, kisha akamwagiza asimwambie mtu kwamba ametoa habari hiyo. Usiku huo akatoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kumlinda Paulo. Hata leo Biblia haituambii jina la kijana yule. Tunajua tendo lake tu.

4. Gharama yake hapa kwetu

Wazee mnakumbuka Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ililipwa mabilioni ya pesa za umma, ati kwa kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Kenya haina migodi ya almasi. Karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona karatasi hizo zikipita mikononi mwake. Nakala zikafika kwa wabunge wa upinzani, na nchi ikajua. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi alikuwa ameshapoteza. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini.

Tuzo hailipi kodi ya nyumba, wapendwa.

Leo njia ziko zaidi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea ripoti hata bila jina. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inasema anayemtisha au kumnyanyasa aliyetoa ripoti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi mwaka mmoja. Tumia njia hizo. Weka kumbukumbu ya tarehe na ulichoona. Ongea na wakili kabla ya kuchukua karatasi yoyote. Lakini sheria haitakuja jioni kukuuliza kama watoto wamekula. Hiyo ni kazi yetu.

5. Deni la kanisa

Jemadari, ambaye hakuwa hata mwamini, alimshika kijana mkono na kumpeleka kando. Mimi mchungaji nilimwacha dada yetu mkono. Tusirudie. Mtu akikuletea jambo kama hili, msikilize mpaka amalize. Usilipeleke kwenye simu ya mtu. Akifukuzwa kazi, mtembelee ukiwa na unga, siyo maswali. Na asiyeweza kusema kwa sababu ya watoto wake, tusimhukumu. Tumwombee na tumsaidie kupata njia.

Dada yangu, ukisoma haya: hukutenda dhambi. Mimi ndiye niliyekosa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kazini kwako, ni siri gani inayolinda watu, na ipi inamlinda mwizi?
2. Kuna tofauti gani kati ya Doegi na mpwa wa Paulo, ingawa wote wawili walisema ukweli?
3. Tukijua mwenzetu amepoteza kazi kwa kusema kweli, kikundi chetu kitafanya nini wiki hii?

Ombi: Baba, tupe macho ya kuona, mdomo unaojua wakati wake, na mikono ya kumshika anayeumia kwa ajili ya haki. Katika jina la Yesu. Amina.