Kununua Nyumba Karatu Bila Dalali: Kazi Yake Unaifanya Wewe

Karatu ni mji unaoishi kwa barabara. Mtalii anayekwenda kreta analala hapo, dereva wake anakula hapo, na kijana aliyepata kazi ya hoteli anaanza na chumba cha kupanga kisha baada ya miaka michache anatafuta pa kwake. Mahali penye watu wa namna hiyo hapakosi madalali. Tunawajua. Mwenye nyumba anataka milioni 25, wewe unaambiwa 29, hicho cha katikati ndicho wanachokiita cha juu. Juu ya cha juu kuna kamisheni, na kabla ya yote kuna hela ya kuonyeshwa, ambayo unaitoa hata kama nyumba yenyewe hukuipenda.

Kwa hiyo watu wanatafuta mwenye mali moja kwa moja, na hakuna sheria inayokulazimisha kupitia kwa dalali. Ila tuseme ukweli: dalali, hata yule mjanja, ana kazi anayoifanya. Anajua nyumba ipi ina ugomvi wa mirathi, mzee yupi ana wake wawili, uwanja upi mvua zikinyesha unageuka korongo. Ukimtoa yeye, ile kazi haiondoki. Inakuja kwako, na kwa familia nyingi inakuja kwa yule mtoto "aliyeko chuo", hata kama anasoma kemia.

Kwanza jua unanunua nini. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachouziwa ni haki ya kumiliki, ambayo kwenye hati imeandikwa miaka, mara nyingi 33, 66 au 99, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 imebakiza muda mfupi, na hilo ni la kuuliza kabla ya kupatana bei. Sheria pia inagawa ardhi katika mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Karatu ni darasa zuri kwa hili kwa sababu mafungu yote matatu yapo karibu karibu. Mjini kuna viwanja vilivyopimwa, ukienda Endabash au Mang'ola uko kwenye ardhi ya vijiji, ukipita lango la Lodoare umeingia hifadhi. Utaratibu wa kununua si mmoja, na mwisho wa barabara hiyo haupo kabisa.

Mwaka jana mama yangu mdogo, muuguzi, alipata nyumba mjini Karatu kwa mwenyewe, mzee aliyestaafu kuendesha magari ya watalii. Bei ilikuwa milioni 27, na karibu nusu yake ilikuwa mkopo wa SACCOS, kwa hiyo pesa ikipotea deni linabaki palepale. Mzee alitupokea vizuri, akatoa hati halisi, tukapiga picha. Kwa nakala ile tuliomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa, Arusha. Upekuzi ni karatasi fupi tu, lakini inakwambia jina lililosajiliwa ni la nani, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Ukimwona muuzaji anakasirika kwa sababu umetaja upekuzi, funga daftari urudi nyumbani. Huyu mzee hakukasirika, na majibu yalitoka safi.

Tukafikiri tumemaliza. Mama mdogo akauliza swali ambalo karatasi haikuwa na jibu lake.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Yuko Mbulu, anamuuguza mama yake. Lakini nyumba ni yangu mwanangu, hata hati ina jina langu."

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mke asiyeulizwa anaweza kwenda mahakamani, na mnunuzi ndiye anayebaki anahangaika na mawakili. Mama mdogo akamwambia kwa adabu, "Baba, mimi sina haraka, nitamsubiri mama." Tulisubiri wiki mbili. Mama alipokuja alikubali kuuza, lakini akauliza mbele yetu, "Na ile njia ya jirani mmewaambia?" Kumbe upande wa nyuma wa kiwanja, ukanda wa kama mita tatu, mzee alimwachia jirani apitishe gari, akapokea hela kidogo, bila maandishi. Ndani ya ukanda huo ndimo lilimo karo la maji taka.

Ofisi ya ardhi haikuwa na habari hiyo, na sidhani kama dalali angetusimulia. Tulimwita mpima ardhi aonyeshe bikoni zote nne, jirani naye akaitwa, wakakaa na mzee wakaandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa njia ipite wapi na karo libaki la nani. Bei ikashuka mpaka milioni 24 na nusu. Mkataba ukaandaliwa na wakili, mzee akasaini, mama akasaini ridhaa yake, majirani wawili wakashuhudia. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa namna hii uwe wa maandishi ndipo uweze kudaiwa mahakamani, kwa hiyo "tumeelewana" haitoshi hata kama mmeshikana mikono mbele ya mchungaji. Pesa ilipita benki, akaunti kwa akaunti. Pesa taslimu kwenye mfuko wa rambo haina ushahidi.

Kuna mengine madogo ambayo tuliyaangalia kwa miguu. Nenda ukaione nyumba siku ya mvua, udongo mwekundu wa Karatu ukianza kukatika haubembelezwi. Uliza majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, usimwulize muuzaji. Tazama deni la pango la ardhi. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo nunua umeme wa elfu mbili uone mita inakata nini. Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, pima: hifadhi ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5, ndiyo maana kuna nyumba zilizojengwa kwa haki zikajikuta zimepigwa X. Na kama mwenye nyumba amefariki na anayeuza ni mtoto, hata akiwa mtoto wa kwanza anayeheshimika mno, mwombe barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo peke yake hakimpi mtu mamlaka ya kuuza.

Vijijini mambo yanabadilika. Huko hati mara nyingi ni ya hakimiliki ya kimila, au hakuna hati kabisa, na mwenye kauli ni Halmashauri ya Kijiji. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri lililoripotiwa 1985 kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri hiyo ni batili, na mahakama zimeendelea kulitumia. Maana yake sahihi ya mwenyekiti peke yake, na muhuri wake wa wino wa bluu, si idhini. Omba muhtasari wa kikao, wenye tarehe na waliohudhuria. Hapo hapo utasikia habari ya asilimia 10 ya kijiji au ya mtaa. Mimi sijaona kifungu chochote katika sheria hizo mbili za ardhi kinachompa mwenyekiti asilimia 10 ya mauziano ya watu. Ukiambiwa kuna ada, omba uonyeshwe sheria ndogo inayoitaja na upewe risiti. Mara nyingi ada inapungua ghafla.

Kwa nyumba yenye hati bado kuna Serikali. Kuna fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kuna ripoti ya mthamini, kuna ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1. Kisha kuna kodi ya TRA juu ya faida aliyoipata muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Nyumba aliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi inasamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Kodi hii ni ya muuzaji, lakini bila cheti cha TRA Msajili habadilishi jina, kwa hiyo anayeumia akigoma ni wewe. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini, na sehemu ya mwisho ya bei usiitoe mpaka cheti kimepatikana. Sisi tulibakiza milioni 3. Mzee alinung'unika kidogo, kisha mwenyewe akawa anatupigia simu kuulizia TRA wamefikia wapi.

Nimalizie na Ngorongoro, maana wapo wanaouziwa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, lilianzishwa 1959 na lina sheria yake. Sheria ya Ardhi inaliweka kwenye ardhi ya hifadhi. Wamaasai waliokuwa wakiishi humo waliruhusiwa kuishi na mifugo, lakini hata kujenga nyumba ya kudumu kunahitaji kibali cha Mamlaka, na kilimo kimepigwa marufuku, kikaruhusiwa, kikapigwa marufuku tena. Kuanzia 2022 Serikali ilianza kuwahamishia waliojiandikisha kwenda Msomera, Handeni, kwenye nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa juu ya ekari mbili na nusu. Una maoni gani juu ya zoezi lile ni mjadala mwingine, na chuoni tumeshagombana sana juu yake. La kununua halina mjadala: boma lililoachwa ndani ya hifadhi halina hati ya kuhamisha, na anayekwambia "kiwanja kizuri, kreta unaiona kwa dirisha" hana cha kukuuzia.

Wilaya ya Ngorongoro ni kubwa kuliko hifadhi, hilo nalo linawachanganya watu. Wasso, Loliondo na Sale kuna ardhi ya vijiji inayofuata utaratibu wa vijiji nilioueleza. Lakini huko nako, mwaka huohuo wa 2022, kilomita za mraba 1,500 ziliwekwa kuwa pori la akiba la Pololeti. Kwa hiyo ukipelekwa kuona eneo, kabla ya bei na kabla ya soda, uliza ofisi ya ardhi ya wilaya mpaka wa pori umepita wapi, na uonyeshwe kwenye ramani.