Likizo ya Nairobi na kijana wa miaka 17: mpango wa familia inayokaa Kitisuru

Familia nyingi zinazoenda Nairobi likizo ya Aprili, Agosti au Desemba hupanga safari kana kwamba watoto wote bado wako chekechea. Orodha inajaa twiga, bembea na aiskrimu, halafu yule wa miaka 16 au 17 anashinda kiti cha nyuma na muziki masikioni hadi siku ya kurudi nyumbani. Wazazi husema hapendi matembezi. Mara nyingi sivyo. Nairobi ndilo jiji analolifuatilia kwenye simu mwaka mzima. Anazijua matatu zake, wanamuziki wake na Sheng yake kuliko baba na mama. Kinachomkera ni kupelekwa hapa na pale bila kuulizwa. Mpeni siku nzima aipange yeye, akiwa na pesa mkononi na wajibu begani, na siku zilizobaki zipangeni kwa kufuata pande za jiji ili muda wenu usiishie kwenye msongamano wa magari.

Kuhusu malazi, Kitisuru ni chaguo zuri lenye kasoro moja kubwa. Ni wadi ya eneobunge la Westlands, kaskazini magharibi mwa jiji, mtaa wa barabara zenye kivuli na nyumba zilizojificha nyuma ya ua wa kaiyaba. Usiku ni kimya, familia inaweza kukodi nyumba nzima na kupika chakula chake, na Msitu wa Karura hauko mbali. Kasoro yenyewe ni kwamba kwa mtu asiye na gari Kitisuru ni mbali na kila kitu. Kutoka nyumba nyingi hadi steji ni mwendo wa kutosha, na baada ya giza si mwendo wa kumwachia kijana peke yake. Kabla ya kulipa amana, muulizeni mwenye nyumba mambo haya: kutembea hadi Lower Kabete Road au Peponi Road huchukua dakika ngapi, stima ikipotea kuna jenereta au mnakaa gizani, tokeni za stima ananunua nani, maji ni ya mfereji au ya tangi, na kijana atapata chumba chake au atalala sebuleni. Hili la mwisho wazazi hulipuuza. Mtu wa miaka 17 anayelala kwenye kochi, akiamshwa na kila anayepita kwenda jikoni, atakuwa na hasira ifikapo siku ya tatu, na hapo hata Karura haitamfurahisha.

Jingine ni getini. Mitaa mingi ya huku ina kizuizi na askari anayeandika majina. Mpeni askari jina la kijana siku ya kwanza, na kijana asimame pale aonekane sura. Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa, na ofisi na majengo mengi ya Nairobi hukidai mlangoni. Abebe kitambulisho cha shule, nanyi wekeni nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, ambacho pia husaidia pale kiingilio cha mtoto kinapokuwa nafuu kuliko cha mtu mzima. Anayetoka nje ya Kenya na mzazi mmoja tu awe na barua ya idhini ya yule mwingine.

Na nguo. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Julai na Agosti ni miezi ya mawingu na baridi, na familia ya Mombasa au Dar es Salaam inayokuja na fulana tupu itatumia pesa ya matembezi kununua masweta. Machi hadi Mei ni mvua za masika, Oktoba hadi Desemba ni vuli, na mvua ikinyesha Nairobi, nauli ya matatu hupanda papo hapo.

Wanaokuja kwa treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, wakate tiketi za Desemba mapema kwa sababu huisha. Treni inawashusha Syokimau, kusini mwa jiji, nanyi mnalala upande wa pili kabisa. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ina kilomita 27 na inawafikisha Westlands bila kupitia katikati ya jiji. Inalipiwa, na kwa familia yenye mizigo na watoto waliochoka ada hiyo ni halali yake.

Sasa pande za jiji. Upande wa kusini kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Lang'ata na Karen. Makosa ya kawaida ni kutoka Kitisuru saa mbili asubuhi na kujitosa Waiyaki Way. Ondokeni alfajiri, na badala ya kushuka mjini pandeni Lower Kabete Road hadi Wangige, mshike Western Bypass hadi Gitaru, kisha Southern Bypass iwapeleke Lang'ata. Kilomita zinaongezeka, lakini mnalikwepa jiji lote. Mbuga inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na malipo ni kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, hivyo lipeni usiku uliotangulia mkiwa na intaneti nzuri. Ilianzishwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, ina kilomita za mraba 117, na faru na simba wake wanaishi huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yao. Tembo hawamo. Wa kuwaona ni tembo watoto walio yatima katika kituo cha Sheldrick, saa tano hadi saa sita mchana, kwa kuweka nafasi mapema.

Ndani ya mbuga hiyo kuna mahali ambapo madereva wengi hupita haraka na ambapo kijana angefaa kushuka: pale pembe za ndovu zilipochomwa. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105. Muulizeni kijana: je, ilikuwa sawa kuteketeza mali yenye thamani hiyo katika nchi yenye shule zisizo na madawati? Msimjibie. Mazungumzo hayo yanaweza kuwafikisha hadi Karen, na huko wadogo zake wakalishe twiga.

Upande wa kaskazini ndio wa nyumbani kwenu, na siku yake iwe ya kupumua. Karura ina zaidi ya hekta 1,000, baiskeli za kukodi, maporomoko ya maji na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mwacheni kijana akodi baiskeli atangulie peke yake, mkutane kwenye maporomoko. Ndani ya msitu uliozungushiwa ua na wenye walinzi, hiyo ni saa ya uhuru isiyo na gharama kubwa wala hatari kubwa. Ajue pia kwamba msitu huu ulikaribia kugawanywa viwanja. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti hapo wakashambuliwa na kujeruhiwa. Miaka mitano baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Msibebe maji kwenye chupa za plastiki za kutupwa: tangu 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zinazolindwa. Ikiwa siku hiyo ni Ijumaa, pitieni soko la Wamaasai pale Village Market, na mwacheni kijana apatane bei. Anayependa sanaa apelekwe NCAI, taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, barabara ya Limuru. Anayewaza diplomasia au mazingira, ofisi za Umoja wa Mataifa Gigiri hupokea wageni kwa miadi, na huko ndiko yaliko makao makuu ya shirika lake la mazingira, UNEP.

Inabaki katikati ya jiji, na kwa maoni yangu hii ndiyo siku ya kijana. Apewe ramani, bajeti yenye kikomo na haki ya kukataa jambo lolote ambalo mama anadhani lingemfaa. Pesa awekewe kwenye simu. Safaricom ina M-Pesa Go kwa walio chini ya miaka 18, inayofunguliwa kwa idhini ya mzazi. Yeye ndiye atakayelipa nauli za wote, kuchagua chakula cha mchana na kujua saa ya kurudi. Akikosea hesabu ya nauli, mle mihogo badala ya kuku. Msimwokoe haraka.

Akiwa hana pa kuanzia, njia hii inatosha. Asubuhi anzieni Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, iliyo kati ya Westlands na mjini. Humo mna mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Alikufa akiwa mdogo kuliko kijana wenu, na bado alikuwa mrefu karibu kulingana naye. Kisha teremkeni mjini hadi Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo la mawe lililokuwa benki, ambamo ghorofa ya chini ina vinyago, vito na vitambaa vya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya. Nje, upande wa Moi Avenue, imesimama sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya. Hatua chache kutoka hapo alipigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa, akiwa na miaka 38. Fuateni Moi Avenue hadi bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na majina yao yamechongwa ukutani. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo ataona majina ya ukoo anayoyajua. Kaeni kidogo.

Baada ya hapo mwacheni apumzike na nganya. Hii ni matatu iliyochorwa ubavu mzima, yenye taa za rangi, skrini na muziki unaotetemesha kiti, na kwa vijana wengi kuipanda ni sababu tosha ya kuja Nairobi. Mzazi asikunje uso. Ipandeni mchana, baada ya saa nne na kabla ya saa tisa, wakati nafasi ipo na nauli ni ya chini. Ulizeni nauli kabla ya kuingia, kaeni pamoja, mtelemke steji ya mwisho na kurudi na ileile. Simu isishikwe dirishani gari likiwa limesimama; ndipo inaponyakuliwa. Akitaka kumpiga picha makanga anayening'inia mlangoni, aombe kwanza. Wengi hukubali kwa furaha.

Sharti moja kwa siku ya mjini: sikilizeni habari asubuhi. Tarehe 25 Juni, tangu maandamano ya vijana ya 2024 yaliyofika hadi ndani ya Bunge, na tarehe 7 Julai, Saba Saba, ni siku ambazo katikati ya jiji huweza kufungwa na polisi. Msipange siku ya mjini katika tarehe hizo. Lakini pia msimnyamazishe kijana anayetaka kujua kilichotokea. Ni watu wa rika lake waliokuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani.

Kama anataka saa chache peke yake, au na binamu yake wa Westlands, mpeni. Kubalianeni mapema: atakuwa wapi, na nani, simu ina chaji kiasi gani, na atarudije. Jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo ifikapo saa kumi na mbili awe tayari ndani ya gari lililoitwa kwa Uber, Bolt au Little, huku mzazi akifuatilia safari kwenye simu yake, si kwenye bodaboda ya kupanda Peponi Road gizani. Na mwambieni sheria waziwazi, hasa mkitoka nchi nyingine: pombe ni miaka 18 kwenda juu, na shisha imepigwa marufuku Kenya kwa kila mtu tangu Desemba 2017. Vilabu vya Westlands vitamwita. Ni afadhali asikie kutoka kwenu kuliko kutoka kwa askari.

Kwa walioingia sekondari ya juu, ambayo kundi lake la kwanza lilianza Gredi ya 10 Januari 2026, safari hii ina faida nyingine: kijana ameshaelekezwa kwenye mkondo wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo bila kuona kazi zenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi Lower Kabete, jirani na mnapolala. Asubuhi moja ya kutembea humo na kuzungumza na mwanafunzi haina kiingilio.

Hospitali za Aga Khan na MP Shah ziko Parklands, upande wenu wa jiji. Namba za dharura ni 999 na 112, na ya kuwasaidia watoto ni 116. Kijana aziandike kwenye karatasi, pamoja na namba ya mzazi na jina la barabara ya nyumba mliyokodi, na karatasi hiyo akae nayo mfukoni, mbali na simu.