Kibali cha Kwenda Mustang

Somo letu la leo linahusu karatasi moja. Siyo kitabu wala gazeti. Ni karatasi yenye jina la mtu, namba ya pasipoti yake, tarehe mbili, majina ya mahali, na muhuri. Inaitwa kibali. Mtu akiwa nayo anapita. Asipokuwa nayo anarudishwa, hata kama ametoka Ulaya na mifuko yake yote miwili imejaa fedha.

Nchi tutakayoitumia kama mfano ni Nepal. Iko Asia, katikati ya India na China, na ndiko uliko mlima Everest, mrefu kuliko yote duniani. Upande wa kaskazini wa Nepal, mpakani na Tibet ambayo ni ya China, kuna sehemu inayoitwa Mustang ya Juu. Wenyeji wenyewe wanaiita Lo. Mji wao mkuu ni Lo Manthang, mji mdogo tu uliozungushiwa ukuta wa udongo, na uko kwenye kimo cha mita 3,800 hivi. Wenzetu waliowahi kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro watatuelewa upesi: ni juu kidogo kuliko kituo cha Horombo. Lakini Horombo watu wanalala usiku mmoja au miwili, kisha wanaendelea na safari yao. Lo Manthang watu wanazaliwa pale, wanalima shayiri pale, wanafuga mbuzi na farasi, na wanazeeka pale pale.

Sasa, kwa nini mgeni asijiendee tu? Mbona Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, anatembea bila kuulizwa?

Sababu ya kwanza ni mpaka. Kuanzia mwaka 1960 wapiganaji kutoka Tibet waliweka kambi zao Mustang, wakawa wanavuka kwenda kupigana na majeshi ya China. Walisaidiwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani. Nepal ni nchi ndogo, na ndugu zetu hawa walikuwa kama mtu aliyejenga kibanda kati ya nyumba mbili kubwa. Mwaka 1974 jeshi la Nepal liliwanyang'anya wapiganaji hao silaha. Hata hivyo sehemu ile ilibaki imefungwa kwa wageni, isipokuwa wachache mno, mpaka mwaka 1992. Ndipo serikali ilipofungua mlango, lakini kwa kibali tu.

Sababu ya pili ni kwamba nchi yenyewe ni kavu na miti ni michache. Kuni ni mali. Kwenye mapaa ya nyumba utaona vijiti vimepangwa vizuri kabisa, na watu wanapikia samadi iliyokaushwa. Fikiri basi kundi la wageni ishirini linafika na wapagazi wake, wote wanataka chai na maji ya moto ya kuoga! Ndiyo maana miaka ile ya mwanzo makundi ya wageni yalitakiwa kuja na mafuta ya taa yao wenyewe, na afisa wa serikali alifuatana nao njia nzima.

Ya tatu ni mali ya kale. Nyumba za ibada za Wabudha huko zina sanamu na picha za ukutani za miaka mingi mno, na duniani kuna watu wanaolipa fedha nyingi kwa vitu vya wizi vya namna hiyo. Mgeni aliyeandikwa jina lake na siku yake ya kutoka anafuatilika.

Kufunga sehemu ya nchi siyo jambo la Nepal peke yake. Kaskazini ya Kenya ilifungwa na Waingereza wakati wa ukoloni, na sheria yao ya mwaka 1934 iliwabana hata wenyeji wenyewe wasihame wapendavyo. Kwa Mustang, sisi tunaona afadhali: mwenyeji anapita atakavyo, anayeulizwa karatasi ni mgeni.

Hapo tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi. Kibali hiki ni ruhusa ya kuingia katika sehemu moja ya nchi hiyo. Viza ni kama hodi ya mlango wa mbele. Ukishakaribishwa barazani, bado hujapewa ruhusa ya kuingia chumba cha ndani.

Mgeni haombi kibali cha Mustang ya Juu peke yake. Lazima apitie kampuni ya utalii iliyoandikishwa Nepal, na lazima aongozane na mtembeza wageni mwenye leseni. Kampuni inapeleka pasipoti yake, viza yake na ada katika Idara ya Uhamiaji. Kwa miaka mingi kanuni ilidai pia wageni wasipungue wawili. Zaidi ya hapo kuna karatasi nyingine ya hifadhi ya Annapurna, kwa sababu Mustang imo ndani ya hifadhi hiyo, ambayo ni kubwa kuliko zote za Nepal, yenye kilomita za mraba 7,629.

Ada yenyewe siyo ndogo. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 500 za Marekani kwa siku 10 za kwanza, na dola 50 kwa kila siku iliyozidi. Ada kama hizi hubadilishwa, kwa hiyo mwenye kusafiri huuliza kwanza ofisini, hafuati habari za aliyekwenda zamani. Lakini tuitumie kwa hesabu yetu. Mgeni akitaka siku 14, atalipa 500 kwa siku 10, halafu siku 4 mara 50, yaani 200. Jumla dola 700. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali ya Nepal haimpi jembe, inamhesabia dola.

Kosa kubwa la wasafiri ni kuhesabu siku vibaya. Kibali hakiangalii kama umelala kwa sababu ya uchovu au kwa sababu ya mvua. Siku zinakwenda tu. Tuseme mtu amepewa siku 10, na siku ya kwanza ni tarehe 3 Oktoba. Siku yake ya mwisho ni tarehe ngapi? Wengi watasema 13. Sivyo. Hesabu kwa vidole: tarehe 3 ni kidole cha kwanza, na cha kumi kinaangukia tarehe 12. Tarehe 13 mtu huyo hana ruhusa tena, na yuko milimani, siku kadhaa kutoka ofisi iliyompa kibali.

Kwa hiyo msafiri mwenye akili anapanga safari kuanzia mwisho. Anajiuliza: siku ya mwisho nitakuwa wapi? Lazima awe amerudi Kagbeni, kijiji chenye kituo cha ukaguzi, ambako Mustang ya Juu inaanzia. Kutoka Kagbeni kwa miguu anapita vijiji kama Chele, Ghami na Tsarang, akafika Lo Manthang baada ya siku nne au tano. Tuseme siku nne kwenda na nne kurudi. Zimekwisha nane. Zimebaki mbili tu za kukaa Lo Manthang, au za kuugua. Siku hizi ipo barabara ya magari mpaka Lo Manthang na hata mpakani Korala, na gari hupunguza siku. Lakini gari lina hatari yake, tutaieleza punde.

Kuna na siku ambazo haziandikwi kwenye kibali ila lazima ziwepo. Ndege ndogo kutoka Pokhara inatua Jomsom, chini ya Kagbeni. Bonde la huko lina upepo mkali unaoanza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo ndege zinaruka asubuhi tu, na asubuhi ikiwa na mawingu basi haziruki kabisa. Anayepanga kushuka mlimani leo na kupanda ndege ya kurudi kwao kesho amejitakia mashaka. Aweke siku mbili au tatu za akiba.

Majira nayo yana ujanja. Kuanzia Juni hadi Septemba Nepal ni mvua kubwa. Milima mirefu ya Annapurna na Dhaulagiri inazuia mawingu, na Mustang nyuma yake inabaki kavu. Mtu akisikia hivyo atasema, vizuri, nitakwenda Julai. Ni kweli anakokwenda ni kukavu, lakini njia ya kufikia huko iko kwenye mvua, udongo unaporomoka, na ndege zinakaa chini. Desemba hadi Februari hakuna mvua, ila baridi ni ya kugandisha maji, na wenyeji wengi huteremka kwenda kufanya biashara na kukaa kwenye joto. Mgeni atakuta milango mingi imefungwa.

Sasa ile hatari ya gari. Kwenye kimo kikubwa hewa ni hafifu, na mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea. Waganga wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Anayetembea kwa miguu analazimika kwenda polepole. Mwenye gari anaweza kutoka Jomsom, mita 2,700 hivi, akafika Lo Manthang jioni ile ile. Usiku kichwa kinauma, chakula hakipandi, anatapika. Hiyo ni dalili, asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashuke mara moja, usiku au mchana, kibali au hakuna kibali. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro wanaijua habari hii vizuri, na wengine wamewashusha watu kwa machela. Mustang, helikopta ya kuokoa mtu hugharimu maelfu ya dola, kwa hiyo bima ya safari ni sehemu ya mipango kama vile viatu.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye maneno.

Fedha za kibali zinalipwa Idara ya Uhamiaji. Haziishii mikononi mwa yule mama wa Ghami ambaye mgeni anapita mbele ya shamba lake. Mustang ilipofunguliwa mwaka 1992, wenyeji waliahidiwa kwamba asilimia 60 ya fedha za vibali ingerudi kwao, iendeleze sehemu yao. Tukumbuke maana ya asilimia 60: katika kila 100, sitini. Kama wageni 100 wamelipa dola 500 kila mmoja, ni dola 50,000. Asilimia 60 yake ni dola 30,000. Kwa vijiji vya mlimani hizo ni fedha za shule, zahanati na mifereji ya maji.

Ahadi haikutimizwa kama ilivyosemwa. Wenyeji walilalamika miaka mingi kwamba kinachorudi ni kidogo mno. Na biashara ya wageni wenyewe haikuwasaidia sana mwanzoni, kwa sababu makundi yalikuja na mahema, vyakula na mafuta yao, yakapiga picha, yakaondoka. Mwaka 2010 vijana wa Mustang walichoka, wakatangaza kwamba watawafungia wageni njia kama suala la fedha halitashughulikiwa. Kijiji kilichofungwa na serikali sasa kilitaka kujifunga chenyewe!

Sisi hatuoni kwamba vijana wale walikuwa wakorofi. Walikuwa wanaijua ada, wanawaona wageni wakipita kijijini kwao, na wanaijua ile asilimia iliyoahidiwa. Walizidisha, wakagawanya, wakauliza tofauti imekwenda wapi. Hesabu hiyo ni ya kisomo cha kawaida tu, tena wewe msomaji umeifanya hivi punde.

Huku kwetu nako karatasi zinafika. Mtafiti kutoka nje anayetaka kufanya utafiti Tanzania anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha anapita mkoani na wilayani kabla ya kufika kijijini. Akimletea mtendaji karatasi, isisomwe muhuri peke yake. Yasomwe majina: ndiye huyu, na hawa wenzake watatu mbona hawamo? Zisomwe tarehe: je, zimekwisha? Isomwe kazi yenyewe: ameandikiwa kuchunguza mimea, mbona anapima watoto? Na pasomwe mahali: kimeandikwa kijiji hiki au kile cha ng'ambo ya mto? Kuuliza hivyo siyo utovu wa adabu. Mgeni mwema huwa anaitoa karatasi kabla hajaombwa, na maji ya kunywa anapewa huku inasomwa.

Zoezi la kikundi. Wageni wawili, Asha na Halima, wana kibali cha Mustang ya Juu cha kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 12 Oktoba. Tarehe 7 wamefika Tsarang, kijiji cha mwisho kabla ya Lo Manthang. Kurudi Kagbeni kwa miguu kutoka Tsarang ni siku tatu. Halima anaumwa kichwa, ametapika mara mbili, lakini anasema wameshalipa dola 1,000 wote wawili na hatarudi bila kuuona ukuta wa Lo Manthang. Hesabuni wamebakiwa na siku ngapi. Kisha jadilianeni Asha amwambie nini mwenzake.